Unahama? Piga hesabu hii kabla hujatuma dipositi

Mwisho wa mwezi ukikaribia, kuna shughuli moja Nairobi ambayo haikosi watu: kutafuta keja. Utawaona Jumamosi asubuhi Roysambu, Zimmerman, Pipeline au Kahawa West, shingo juu, wakisoma vibao vilivyoning'inizwa kwenye mageti na kuandika nambari za simu. Wengi wao hawahami kwa kupenda. Meseji imeingia kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti kwamba kuanzia mwezi ujao kodi inapanda kwa elfu moja, na asiyeweza atoe notisi.

Sisi huku kwenye huduma kwa wateja tunaujua msimu huo vizuri. Siku za mwanzo wa mwezi, kabla ya ile tarehe tano ambayo landilodi wengi wameiweka kuwa mwisho wa kulipa, simu hazituliki. Kuna aliyetuma kodi kwa nambari isiyo yake, kuna aliyelipia nyumba ya jirani, na kuna wale ambao simu zao ni ngumu hata kusikiliza: waliotuma dipositi kwa nyumba ambayo haipo. Ndiyo maana tumeamua kuandika makala hii. Kodi tusingeweza kukupunguzia hata tungetaka, ila tunaweza kukuonyesha pesa zinapovujia.

Kwanza, kwa nini bei imepanda? Landilodi ukimuuliza atakwambia "maisha ni magumu", na hajakudanganya. Wengi wamejenga kwa mkopo wa benki. Mnamo Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake hadi asilimia 13, na ingawa ilianza kuishusha Agosti mwaka huo huo, aliyekuwa akilipa mkopo alikuwa ameshaumia. Dola nayo ilikuwa imefika karibu shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, na vifaa vingi vya ujenzi hutoka nje. Halafu kuna ushuru: landilodi anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na kodi za nyumba hutakiwa kulipa asilimia 7.5 ya anachokusanya, na hiyo ni kabla ya kutoa gharama zake. Wako wanaomsukumia mpangaji. Mpangaji mwenye payslip naye anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na kodi ya nyumba anayoishi iko palepale. Kila mtu ana sababu yake, na sababu zote hushuka hadi kwako.

Hesabu ya nyumba nzima

Kosa tunaloliona sana ni mtu kulinganisha nyumba kwa bei ya kibao peke yake. Tuchukue mfano. Unafanya kazi katikati ya jiji, siku 26 kwa mwezi. Kuna bedsita ya 8,000 Zimmerman, na kuna nyingine ya 6,000 huko mbali, tuseme Rongai. Mwenzako anakwambia usiwe mjinga, okoa elfu mbili.

Sasa weka nauli. Tuseme kutoka Zimmerman unalipa 60 kwenda na 60 kurudi. Hiyo ni 120 kwa siku, 3,120 kwa mwezi. Kutoka Rongai, tuseme 100 kwenda na 100 kurudi: 200 kwa siku, 5,200 kwa mwezi. Jumlisha na kodi. Zimmerman inakugharimu 11,120. Rongai inakugharimu 11,200. Ile nyumba ya bei nafuu imekuzidi kwa shilingi 80, na bado hatujahesabu siku za mvua, makanga wanapoongeza nauli bila kumuuliza mtu, wala yale masaa unayokaa kwenye foleni ukiangalia taa za gari la mbele.

Nauli hubadilika kulingana na saa na njia, kwa hivyo usichukue nambari zetu kama sheria. Chukua zako. Zimo kwenye simu yako tayari: kama huwa unalipa matatu kwa simu, fungua taarifa ya miamala ya mwezi uliopita ujumlishe. Wateja wengi hushtuka. Mtu anakwambia nauli yake ni "kama elfu tatu hivi", ukijumlisha unakuta ni elfu tano na ushee, kwa sababu alisahau boda ya kutoka stejini hadi nyumbani. Na hapa tuseme wazi kwamba hatuna ugomvi na Rongai wala Kitengela wala Ruaka. Kama unafanyia kazi nyumbani, au kazi yako iko upande huo, hesabu inageuka kabisa na ile ya 6,000 ndiyo tamu.

Baada ya nauli, uliza maji na stima, na usikubali jibu la "hizo ni kidogo tu". Je, maji ni ya mfereji wa kaunti au ya kisima? Huja siku ngapi kwa wiki? Ploti nyingi za Nairobi hupata maji kwa zamu, na siku ambazo mfereji umekauka utanunua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Kwa shilingi 20 kila mtungi, mitungi mitatu kwa siku, siku kumi kwa mwezi, hizo ni shilingi 600 ambazo hazikuwa kwenye kibao.

Stima ndiyo yenye mtego. Uliza kama mita ni yako mwenyewe kutoka Kenya Power, au ni mita ndogo aliyoiweka landilodi, au mnagawana mita moja nyumba kadhaa. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Bei ya yuniti kwa matumizi ya nyumbani hupangwa kwa madaraja: mtu ambaye kwa wastani hapitishi yuniti 30 kwa mwezi hutozwa daraja la chini kabisa. Mtu wa bedsita mwenye balbu mbili, redio na chaja ya simu anaweza kukaa hapo bila shida. Lakini mkiwa nyumba nne kwenye mita moja, mita haijui kwamba mko wanne. Inaona mtumiaji mmoja mkubwa, na nyote mnalipa kama tajiri mmoja. Hata kwenye mita yako mwenyewe, usishangae tokeni za 500 kutoa yuniti nyingi mwezi huu na chache mwezi ujao. Bei hubeba gharama ya mafuta na ya ubadilishaji wa dola, na hizo hazitulii.

Taka, mlinzi, kufagia ngazi: uliza kama ziko ndani ya kodi. Hapo hakuna mengi.

Halafu kuna pesa ya kuingia, ambayo ndiyo huwaangusha watu wakakimbilia mkopo. Nyumba ya 8,000 inataka kodi ya mwezi wa kwanza 8,000, dipositi 8,000, pengine 1,000 ya maji, na kanta ya kuhamisha vitu, tuseme 3,500. Umefika 20,500 na bado hujanunua pazia. Sisi ni kampuni ya pesa za simu, hatutajifanya hatujui watu hukopa. Ila kukopa kwa simu ili ulipe dipositi ni kulipa riba juu ya pesa ambayo landilodi ataikalia mpaka siku utakapohama. Kama unaona kodi yako ya sasa inakulemea, anza kuweka pembeni kabla meseji ya kupandisha haijaingia. Anayelipwa kwa siku, mwenye boda au mama mboga, akiweka 310 kila siku ya kazi kwa siku 26 anapata 8,060, kodi nzima. Iweke kwenye akiba iliyofungwa, usiiache kwenye salio la kawaida, kwa sababu salio la kawaida lina miguu.

Usitume kabla hujasimama mlangoni

Wizi wa dipositi unafanana kila mara. Picha nzuri mtandaoni, vigae vinang'aa, bei iko chini ya ile ya mtaa kwa elfu mbili au tatu. Unapiga simu, "ajenti" ana adabu sana. Anasema nyumba ni moja tu imebaki na kuna watu wengine wanaitaka, kwa hivyo tuma nusu ya dipositi akushikie. Au anaomba kidogo tu, 500 ya kukuonyesha nyumba, na ukishatuma simu haishikwi tena. Walioibiwa hivi si watu wa kuchekwa. Ni watu wenye haraka, notisi imebaki siku nne, na kodi za mitaa yote zimepanda. Bei nafuu ikitokea, unataka kuamini.

Nenda uione nyumba. Ingia ndani, fungua mfereji, washa taa. Ongea na mpangaji mmoja anayeishi hapo, hata kwenye ngazi tu: "Samahani dada, hapa kodi mnalipa wapi?" Jibu lake lilingane na nambari uliyopewa. Na unapolipa, jina la mpokeaji linapotokea kwenye skrini kabla hujaweka PIN, lisome. Likiwa la mtu usiyemjua, wakati umeambiwa landilodi ni mtu mwingine, simamisha hapo hapo. Hakuna aibu kumwambia keateka, "Kaka, nitalipa kwa nambari ya mwenye ploti."

Hilo la keateka linahitaji neno zaidi. Keateka wengi ni waaminifu kuliko sisi. Lakini dipositi iliyoingia kwenye laini yake binafsi ni vigumu kuidai siku akiacha kazi, maana landilodi atakwambia hajawahi kuiona. Omba nambari ya Paybill au ya tili, au akaunti ya benki. Kama hakuna ila laini ya mtu, basi pata risiti iliyosainiwa yenye jina la ploti, nambari ya nyumba, kiasi, na maneno "dipositi ya kurudishwa".

Unapolipa kwa Paybill, sehemu ya nambari ya akaunti ndiyo inayosema pesa ni ya nyumba gani. Iandike kama ulivyopewa, herufi kwa herufi. B1 na BI zinafanana machoni lakini kwa mfumo ni nyumba mbili. Ukikosea ukalipia nyumba ya jirani, usikimbilie kuomba pesa zirudishwe. Pesa ziko kwa landilodi tayari. Mtumie nambari ya muamala akurekebishie kitabuni. Kama umetuma kwa laini ya mtu asiyehusika, hapo ndipo utujulishe mara moja, kwa sababu akishatoa pesa kwa ajenti hatuna tena cha kushikilia.

Kwa nini tunakazania kumbukumbu? Sheria ya kuzuia kodi kupanda ovyo, ile ya Sura ya 296, inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Jaribu kutafuta bedsita ya 2,500 Nairobi leo. Wapangaji wengi wa jiji wako nje ya baraza hilo, na wanachobaki nacho ni mkataba wao na ushahidi wa malipo. Ukihama na landilodi akakataa kurudisha dipositi bila sababu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Unaweza kujiwakilisha bila wakili. Utaulizwa: ulilipa lini, kiasi gani, kwa nani?

Kwa hivyo usifute meseji ya dipositi. Ukibadilisha simu meseji hupotea, lakini muamala haupotei. Omba taarifa ya miamala kwenye menyu yetu, chagua mwezi uliolipa, uihifadhi kwenye barua pepe. Siku ya kuingia, piga picha ya kila ukuta, sinki na kioo cha dirisha, umtumie landilodi siku hiyo hiyo kwa WhatsApp. Andika chini yake: "Hii ndiyo hali ya nyumba D4 leo ninapoingia."