Picha za rangi si sufuria za kusuguliwa

Kila inapokaribia Krismasi au Idi, nyumba nyingi humu nchini huingia katika shughuli kubwa ya usafi. Mazulia hutolewa nje yakakung'utwa, mapazia hufuliwa, na sufuria husuguliwa mpaka zikameremeta. Sina ugomvi na usafi. Ugomvi wangu ni na lile tambara lenye povu la sabuni ambalo, likishamaliza kufuta meza, hupanda ukutani na kuanza kusugua picha ya kuchora kana kwamba nayo ina masizi ya jikoni.

Picha ninazozizungumzia ni zile zilizochorwa kwa rangi ya akriliki. Wachoraji wetu wengi huipenda rangi hii kwa kuwa huchanganywa na maji, hukauka upesi, wala haina harufu kali kama rangi ya mafuta. Na tusidanganyane kwamba picha hizi zimo katika majumba ya matajiri pekee. Zimo sebuleni mwa walimu, ofisini mwa mawakili, makanisani na hotelini. Wengine wetu tulizawadiwa arusini. Wengine tulizinunua kwa kijana aliyezitandaza kando ya barabara.

Kuna dhana potovu kwamba rangi hii ikishakauka huwa kama sahani ya plastiki, na kwa hivyo yaweza kuoshwa kama sahani. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana inapotosha. Akriliki kweli ni aina ya plastiki. Inapokuwa kwenye mkebe, huwa ni vipande vidogo mno vya plastiki vinavyoelea majini pamoja na unga wa rangi. Maji yanapokauka, vipande hivyo hushikana vikawa utando mmoja. Lakini utando huo haugeuki kuwa mgumu kama sahani. Hubaki laini, na kadiri joto linavyopanda ndivyo unavyozidi kulainika. Katika joto la Mombasa, Kisumu au Garissa, vumbi linalotua juu yake halikai juu tu, bali huanza kuzama ndani.

Isitoshe, mtengenezaji hutia ndani ya rangi viungo vinavyofanana na sabuni ili ipate kuchanganyika na maji. Viungo hivyo hubaki humo hata baada ya rangi kukauka. Ukiifuta picha kwa tambara bichi, maji huviyeyusha na kuvitoa, na utando wenyewe ukavimba. Ukiisugua ingali imevimba, waondoka na rangi. Ama spiriti na thina, hizo huiyeyusha rangi yenyewe.

Hata mabingwa wa kazi hii hawaifanyii pupa. Rangi ya mafuta imetumiwa kwa zaidi ya miaka 500, na tabia zake zinajulikana. Akriliki ya kuchanganywa na maji ilianza kuuzwa kwa wachoraji katika miaka ya 1950 tu. Jumba la sanaa la Tate la London, ambalo huhifadhi picha mashuhuri ya akriliki ya David Hockney iitwayo A Bigger Splash, ya mwaka 1967, lilishiriki katika utafiti ulioanza mwaka 2006 hadi 2009 kuhusu namna ya kusafisha rangi za aina hii. Ikiwa watu wenye maabara hujaribu kwanza pembeni kabla ya kugusa picha kwa maji, sisi wenye sabuni ya unga tuna haraka gani?

Niliwahi kuona, katika hoteli moja ya Pwani, picha ya majahazi ambayo matanga yake yalikuwa yamefifia katikati kama shati lililochakaa mgongoni. Mfanyakazi mmoja alinieleza kwa fahari kwamba huipangusa kila Ijumaa. Sikumlaumu. Alikuwa akitimiza wajibu wake kama alivyofunzwa. Lawama ni ya mwenye mali, aliyenunua picha bila kuuliza hata neno moja kuhusu utunzaji wake.

Basi, yatupasa kufanya nini? Kwanza, vumbi liondolewe kwa burashi pana, laini na kavu, kwa mkono mwepesi, kuanzia juu kwenda chini. Tambara, hata likiwa kavu, laweza kuacha alama za kung'aa mahali palipokuwa hapang'ai. Uchafu ulioganda uachiwe fundi wa kuhifadhi picha, kwani madoa machache ni afadhali kuliko rangi iliyotoka.

Pili, tuchague ukuta wa kuitundika. Jua la dirishani hufifisha baadhi ya rangi. Moshi wa jiko, wa mishumaa na wa taa ya mafuta hunata kwenye utando ule laini. Ukuta unaovuja maji wakati wa masika huleta ukungu nyuma ya turubai, na mchwa wakiufikia mbao za fremu hawabishi hodi. Vipande vidogo vya kizibo vikibandikwa kwenye pembe za nyuma, hewa itapita kati ya picha na ukuta. Katoni ngumu ikifungwa mgongoni mwa fremu huzuia vumbi na vishindo. Na ukiweka kioo, kisiguse rangi, kwa maana vitagandana.

Tatu, tuwe waangalifu tunapohama. Picha ya akriliki isifungwe kwa gazeti wala nailoni inayogusa rangi. Isilazwe uso kwa uso na nyingine, wala isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ikibidi kukunjwa, na izungushwe kwenye bomba pana, rangi ikitazama nje. Ikitazama ndani hubanwa ikajikunja.

Wachoraji nao wana sehemu yao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mchoraji aandike kwenye mbao za nyuma jina lake, mwaka, aina ya rangi aliyotumia, na kama alipaka vanishi au la. Maneno hayo machache yatamwongoza fundi atakayeirekebisha picha miaka 50 ijayo, wakati ambapo pengine mchoraji hatakuwapo kuulizwa.

Najua yupo msomaji atakayesema kwamba katika nchi ambamo wazazi wanahangaikia karo, kuzungumza juu ya picha ni anasa. Namjibu kwamba haya niliyoyataja hayahitaji fedha nyingi. Burashi moja na kipande cha katoni havimfilisi mtu. Kinachotugharimu ni kutojali.

Marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya kazi za sanaa na vitabu kwa moyo wake wote, na leo sehemu ya hazina hiyo imo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, ambako mwananchi yeyote aweza kuitazama. Kwa upande mwingine, mwaka 1997 moto uliteketeza kazi nyingi katika jumba la Paa ya Paa, lililoanzishwa mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake. Moto ule ulituliza sote. Lakini hasara inayotendeka polepole katika nyumba zetu, kwa sabuni na tambara, hakuna anayeililia kwa sababu haina moshi wala king'ora.

Majumba ya kuhifadhi sanaa humu nchini ni machache. Sehemu kubwa ya kazi za wachoraji wetu imo mikononi mwetu sisi watu wa kawaida. Wajukuu wetu watakapotaka kujua jinsi kizazi hiki kilivyoiona nchi yake, watazitazama picha hizi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa picha iliyokwisha kufutika haujengeki tena.