Anayelinda data ni kama bwawa la Masinga: hatajwi mpaka mambo yaharibike

Kijana wa jirani yangu amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea kompyuta. Juzi baada ya Alasiri aliniuliza, "Ami, kazi ya kusimamia hifadhidata ni kazi gani hasa? Mtu anahitaji kujua nini?" Nilimjibu kwa ufupi pale kibarazani, lakini swali lake linastahili jibu refu zaidi, maana vijana wetu wengi wa Pwani wanajua kuna watu wanaotengeneza programu za simu, na hawajui kuna mtu anayetunza kile kilichomo ndani yake.

Kazi hii mimi sikuifahamu vizuri darasani, japo diploma ninayo. Niliifahamu Masinga, kaunti ya Machakos, miaka kadhaa iliyopita, nilipopewa kazi ya muda ya kutunza hifadhidata ya chama kimoja cha akiba na mikopo.

Msomaji wa Kipini au Garsen analijua jina la Masinga hata kama hajafika. Bwawa lile lilikamilika mwaka 1981, na ndilo la kwanza katika mabwawa matano ya umeme yaliyopangana kwenye Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa umeme wake lenyewe si kubwa, megawati 40 tu, na Gitaru ina 225. Lakini Masinga ndiyo ghala. Ikikauka, wa chini wote wanalia. Ikifurika, mashamba ya Tana River yanakwenda na maji. Msimamizi wa hifadhidata ndivyo alivyo. Sifa huenda kwa wenye programu nzuri, lakini akikosea yeye, wote walio chini yake huathirika.

Sasa nisimulie kilichonipata. Alikuwepo mtengenezaji programu, kijana hodari kweli. Kila alipotaka kurekebisha jambo alinipigia simu, nami nikachoka. Nikampa nywila yangu aingie mwenyewe. Alhamisi moja mchana alitaka kusahihisha deni la mama mmoja tu wa sokoni. Akaandika amri ya UPDATE, akasahau sharti la mwisho, lile linaloanza na WHERE, ambalo huiambia kompyuta ni mwanachama yupi. Kufumba na kufumbua, wanachama wote wakawa na deni moja lililo sawa.

Nikasema hakuna neno, bakapu ipo kila usiku. Kufungua, nikakuta faili za Jumanne na Jumatano hazikukamilika kwa sababu diski ilikuwa imejaa. Nzima ilikuwa ya Jumatatu usiku. Tukakesha na vitabu vya risiti, tukiingiza upya marejesho ya siku tatu, moja baada ya jingine, na asubuhi kina mama walikuwa nje na vitabu vyao mkononi wakiuliza pesa zao ziko wapi. Kijana alikosea mara moja. Mimi nilikosea mara mbili: kutoa nywila, na kutoijaribu bakapu.

Usidhani haya ni ya vyama vidogo tu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuhifadhi kazi za watengenezaji programu, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilibaki 4.5. Walikuwa na njia tano za kuweka nakala, na hakuna hata moja iliyofanya kazi ilivyotarajiwa. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita kabla.

Kwa hivyo, ujuzi wa kwanza ni lugha ya SQL na namna ya kupanga majedwali. Msingi wake uliwekwa na Edgar Codd mwaka 1970, na mpaka leo ndio unaotumika. Ukiijua vizuri, PostgreSQL au MySQL utazifahamu zote, na zote mbili unaweza kuzipakua bure.

Wa pili ni bakapu, na maana yake si kuiweka tu. Irejeshe mahali pengine kila mara uone kama inafunguka. Bakapu ambayo hujawahi kuirejesha ni matumaini tu.

Wa tatu ni mwendo. Hifadhidata ikiwa nzito, ujue kusoma inatafuta vipi. Mara nyingi dawa ni indeksi, ambayo hufanya kazi kama faharasa ya kitabu, ili kompyuta isipekue kila ukurasa. Lakini indeksi zikizidi, kuandika data mpya kunakuwa kuzito. Ni kupima.

Wa nne ni ulinzi. Kila mtu apewe ruhusa ya kazi yake tu, na jina lake mwenyewe la kuingilia. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Data za watu zikivuja na kuna hatari kwao, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Ongeza hapo kujua Linux, diski na mtandao, maana diski iliyojaa ndiyo iliyoniumbua mimi.

Wa mwisho, na mgumu kuliko yote, ni kuishi na watengenezaji programu. Wao husifiwa kwa kuleta mapya, wewe husifiwa pasipotokea kitu. Ugomvi unazaliwa hapo. Ukisema "hapana" kila siku, watakuzunguka. Ukisema "ndiyo" kwa uchovu kama nilivyosema mimi, mtazama pamoja. Kaa nao tangu programu inapochorwa. Wape hifadhidata ya majaribio isiyo na majina halisi ya watu. Kila badiliko liandikwe, lisomwe na mtu wa pili, na liwe na njia ya kurudi nyuma. Na ukikataa jambo, toa sababu pamoja na njia nyingine.

Yule kijana wa Masinga hatukugombana. Baada ya usiku ule tuliweka desturi: hakuna amri ya kubadilisha data hai mpaka wawili tumeisoma. Ilitupunguzia mwendo kidogo, na ikatupa usingizi.

Kwa hivyo mwanangu, ukiitaka kazi hii, jifunze SQL. Lakini kwanza jiulize kama unaweza kuwekewa amana ya watu usiowajua, ukailinda bila kushukuriwa. Kama jibu ni ndiyo, njoo kibarazani tuanze.