Tembo Katika Chupa

Ninyi wa Nyanungu mnamjua tembo, kwa kuwa mbuga ya Serengeti iko karibu nanyi. Leo tutazungumza habari za tembo aliyechorwa kwenye chupa ya bia ya Tusker.

Katika mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia huko Nairobi. Mwaka 1923 George alikwenda kuwinda, akauawa na tembo. Basi bia ikaitwa Tusker, maana yake tembo mwenye pembe kubwa.

Je, bia hufanywaje? Kazi yake yafanana na ile ya kimea cha ulezi. Shayiri hulowekwa mpaka ichipue, kisha hukaushwa, husagwa na kuchemshwa. Halafu hutiwa hamira, ikachacha. Kiwandani kila kitu hupimwa, ili chupa ya leo iwe sawa na ya jana. Ndiyo sababu jina hilo limedumu zaidi ya miaka 100.

Lakini angalieni sana: picha yaweza kuigwa. Vinywaji vikali vya bandia huweza kuwa na sumu ipofushayo macho, hata kuua. Asiyejua kusoma hutazama picha tu. Ninyi mnajua kusoma. Basi kwenye chupa yo yote someni jina la kiwanda na tarehe ya mwisho wa kutumika. Kama maandishi hayasomeki, iacheni chupa hiyo.

Zoezi: Andikeni maneno haya: kimea, shayiri, hamira, tarehe.