Kabla graniti haijakatwa: jiko la induksheni katika nyumba mpya za Bukoba na Muleba

Anayejenga nyumba siku hizi katika mitaa ya Kashai, Kibeta au Rwamishenye, akifika hatua ya jiko, huulizwa na fundi swali ambalo wazazi wetu hawakuwahi kuulizwa: tundu la jiko likatwe wapi, na la ukubwa gani? Kipande cha graniti kikishakatwa hakiungwi. Kwa hiyo swali linaloonekana dogo hulazimisha familia kuamua, ndani ya siku moja au mbili, kama itapikia gesi, umeme wa kawaida, au majiko haya mapya ya kioo cheusi yanayoitwa ya induksheni, ambayo wengi wameyaona madukani na kwa jamaa zao walioko Dar es Salaam au Ughaibuni.

Tumeona vyema ukurasa huu wa familia ulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa sababu linagusa mambo matatu ambayo nyumba ya Kiislamu haiwezi kuyapuuza: afya ya anayepika, matumizi ya mali bila israfu, na amani baina ya wenye nyumba pale pesa ya LUKU inapokwisha kabla ya mwisho wa mwezi.

Kwanza tujue chombo chenyewe. Chini ya kile kioo kuna koili ya waya wa shaba. Umeme ukipita humo kwa kasi ya kubadilika mara elfu nyingi kwa sekunde, huzaa nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huamsha mkondo wa umeme ndani ya kitako cha sufuria yenyewe. Sufuria ndiyo inayopata moto; kioo hupata joto la kurudishiwa tu. Ndiyo maana takribani asilimia 85 ya umeme huingia katika chakula, ilhali mwali wa gesi hupoteza nusu au zaidi ya joto lake pembeni mwa sufuria. Anayetaka kuchemsha lita moja ya maji ya chai atatumia kama uniti 0.11 tu.

Hapo hapo ndipo penye mtihani wa kwanza. Nguvu hiyo ya sumaku haifanyi kazi kwa sufuria za alumini, na sufuria za alumini ndizo zilizojaa katika majiko yetu, kuanzia kibirika cha chai hadi lile sufuria kubwa alilopewa bibi harusi na shangazi zake. Chungu cha udongo nacho hakifai. Kinachofaa ni chuma: kikaango cha chuma cha chapati, sufuria za chuma kisichoshika kutu zenye kitako maalumu, na zile za chuma zilizopakwa rangi ya kung'aa. Kitako nacho kiwe bapa. Karai la mviringo halikai. Njia ya kupima ni nyepesi: nendeni dukani na kipande cha sumaku, hata kile kilichotolewa katika spika mbovu, mkiguse kwenye kitako. Kikinata kwa nguvu, sufuria hiyo inafaa. Kisiponata, hata kama muuzaji anaapa, msiinunue. Na gharama ya sufuria mpya tatu au nne ihesabiwe pamoja na bei ya jiko, si baadaye.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa wengi hukimbia jiko la umeme kwa hofu ya LUKU bila kuwahi kukaa na kalamu.

Kwa bei zilizozoeleka miaka hii, mteja mdogo wa TANESCO aliye katika kundi la D1, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na kodi na tozo zikiongezwa hufika karibu 122. Aliye kundi la T1 hulipa 292, ambazo baada ya nyongeza hizo huwa karibu 356. Kilo moja ya gesi, ukiondoa joto linalopotea, hufanya kazi ya uniti sita hadi saba na kidogo za jiko la induksheni. Basi mtungi wa kilo 15 ni sawa na uniti 90 hadi 110 hivi. Kwa mtu wa T1 hizo ni kama shilingi 32,000 hadi 39,000. Sisi hatujaona duka Bukoba linalojaza mtungi wa kilo 15 kwa pesa hiyo, na si ajabu, maana gesi yetu huingia nchini kwa meli, kisha ikapandishwa kwa malori kutoka pwani hadi huku ziwani, na kila kilomita imo ndani ya bei. Kwa hiyo wale wanaosema induksheni ni anasa ya matajiri hawakupiga hesabu vizuri.

Lakini wapo ambao tahadhari inawahusu kwelikweli, nao ni hao wa D1. Uniti 75 kwa mwezi ni mbili na nusu kwa siku. Friji, taa, televisheni na pasi ya kanzu za Ijumaa vikishachukua sehemu yake, kinachobaki ni kidogo. Familia ya watu sita ikianza kupika kila kitu kwa umeme inaweza kuongeza uniti mbili kwa siku, na hapo mpaka umevukwa. Uniti za ziada hulipiwa kwa bei kubwa, na anayevuka mara kwa mara huhamishiwa T1, ambako hata taa ya chooni italipiwa 356. Mjane wa Hamugembe mwenye taa tatu na redio, au wazee wetu wa Kamachumu waliowekewa umeme na watoto wao, wasishawishiwe kununua jiko hili kabla mtu hajaketi nao kuwasomea mita. Aliye T1 tayari hana cha kupoteza kwa upande huu.

Jambo la pili ni umeme wenyewe. Mkoa wa Kagera una historia yake: kwa miongo kadhaa Bukoba imepata umeme kutoka Uganda kwa njia inayopitia Masaka, wakati mikoa mingi ya nchi ikitegemea gridi ya Taifa. Mradi wa maporomoko ya Rusumo wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana, na mpango wa njia kuu ya kilovolti 220 kati ya Benako na Kyaka, ni hatua za kuibadili hali hiyo. Hata hivyo, anayeishi mwisho wa laini, vijijini Muleba hasa, anajua kwamba tatizo lake si kukatika tu bali umeme mdogo. Taa hufifia, na jiko la induksheni likikosa volti za kutosha huandika herufi za ajabu kwenye kioo na kujizima.

Na wakati gani umeme huwa mdogo? Jioni, watu wote wanapowasha. Katika Ramadhani saa hiyo ndiyo saa yetu. Magharibi huku kwetu huingia karibu saa moja, na kuanzia saa kumi na moja jioni kila nyumba ina uji, muhogo na ndizi jikoni. Mama aliyefunga kutwa nzima, akiwa na watoto wanaotazama saa, si mtu wa kuachwa na jiko moja tu linaloweza kuzimika dakika ishirini kabla ya adhana. Daku, kinyume chake, ni wakati mzuri wa jiko hili: laini imetulia, hakuna moshi wala kuwasha mkaa gizani, na chakula cha jana hupata moto kwa dakika chache.

Kwa hiyo rai yetu kwa anayejenga mjini ni kwamba mtungi wa gesi, hata ule mdogo wa kilo 6, ubaki ndani ya nyumba. Na tundu la graniti lisikatwe kwa ajili ya jiko la induksheni la mafiga manne, angalau si mwaka huu. Jiko la namna hiyo huweza kuvuta kilowati saba na zaidi, sawa na ampea thelathini na kitu, na laini nyingi za njia moja zinazoingia nyumbani kwetu hazikuwekwa kwa mzigo huo pamoja na pasi na hita ya maji. Jiko la figa moja linalowekwa juu ya meza, la wati 2,000, huchomekwa kwenye soketi ya kawaida iliyofungwa vizuri, na likiharibika hubebwa kwa fundi bila kubomoa chochote. Lakini kwa kuwa kuta bado ziko wazi, mwambieni fundi umeme apitishe sasa hivi waya wa shaba wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye breka yake pekee hadi jikoni, aufunike kwa kifuniko. Gharama yake leo ni ndogo kuliko kupasua vigae baada ya miaka mitano.

Kwa Muleba maneno yetu ni tofauti. Mwenye kibanja chake hupata kuni katika mikaratusi yake na matawi ya mibuni yaliyopogolewa, na hakuna jiko la dukani linaloweza kushindana na bei ya bure. Ila bure hiyo hulipwa na mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mama na binti yake wa shule. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Tunauunga mkono, lakini hatua ya kwanza kijijini, kwa maoni yetu, isiwe induksheni. Iwe jiko la presha la umeme, ambalo taasisi ya TaTEDO imekuwa ikilihimiza. Sufuria yake huja nalo, kwa hiyo hakuna mtihani wa sumaku. La wati 1,000 likifanya kazi dakika 45 haliwezi kuvuka robo tatu ya uniti, na kwa kuwa hujizima na kujiwasha, hutumia pungufu ya hapo. Maharage ndiyo yanayomaliza kuni za nyumba. Yakihamia humo, mzigo wa kuni unaobebwa kichwani hupungua sana.

Ndizi ni jambo jingine. Sufuria la watu kumi, ndizi zikiwa zimefunikwa kwa majani ya mgomba, zikiiva taratibu kwa moto mdogo, halikutengenezewa kile kioo. Koili ni nyembamba kuliko kitako, katikati huungua na pembeni hubaki pagumu, na majiko ya bei nafuu yakiwekwa moto mdogo huwaka kwa nguvu, yakazima, yakawaka tena. Ndizi za watu wanne ni sawa. Za wageni wa msiba au akika zitabaki jiko la nje, na tunawasihi wanaochora ramani wasilifute jiko la nje kwa kuona haya.

Faida ambayo haimo katika hesabu ni usalama. Hakuna mwali wa kushika mtandio, hakuna harufu ya gesi usiku, na mtoto akigusa kitufe bila sufuria hakuna kinachowaka. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo amwulize daktari wake kwanza. Na kioo hupasuka kikiangukiwa na mchi.

Wengine huuziwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Bei ikiwa imetajwa na kukubaliwa tangu mwanzo ni jambo moja. Nyongeza inayozidi kila unapochelewa ni jambo jingine, na mkataba wa namna hiyo apelekewe sheikh kabla ya kutiwa saini. Mwombeni muuzaji pia dhamana kwa maandishi, ikitaja ni nani atakayelitengeneza hapa hapa Bukoba, si Mwanza.

Na baba anayejenga, kabla ya kumjibu fundi, amwite mkewe aje asimame pale jikoni. Amwulize anapika nini siku sita za juma, kwa sufuria gani, na amechoshwa na nini zaidi. Tumeona nyumba ambamo jiko la gharama limegeuka meza ya kuwekea vyombo kwa sababu swali hilo halikuulizwa. Shura haikuishia kwenye mahari na shule za watoto. Graniti nayo ina haki yake.