Kofia ya bomba la moshi: bati, stenlesi au sufuria kuukuu?

Mvua ya Desemba ilinikuta kwa shangazi yangu, nje kidogo ya Katoro, mkoani Geita. Jiko lake banifu la matofali lina bomba la moshi linalotokea juu ya paa, na kila mvua iliponyesha lilidondosha maji ya kahawia, yenye harufu kali kama ya samaki wa kubanikwa. Kofia ya bomba lenyewe ilikuwa na misimu miwili tu ya mvua. Nikaomba ngazi nikapanda. Kwa juu bati lilikuwa bado linang'aa. Kwa chini lilikuwa limeliwa mpaka kidole kinapita.

Fundi aliyeifunga alikuwa ameshamwambia shangazi kwamba mvua za huku ni kali. Sasa wewe msomaji fikiria: kama ni mvua iliyoila ile kofia, kwa nini ilianzia chini, upande ambao mvua haiugusi?

Nina shahada ya uzamili ya kemia, na nakiri kwamba kabla ya siku ile sikuwahi kujiuliza kofia ya bomba inapambana na nini hasa. Wengi tunadhani kazi yake ni kuzuia mvua, kwa hiyo tunachagua kama tunavyochagua bati la kuezekea. Hapo ndipo tunapokosea.

Moshi una maji, na maji yake ni makali

Kuni zina haidrojeni, kama asilimia 6 ya uzito wake zikiwa kavu. Zikiungua, haidrojeni hiyo inaungana na oksijeni ya hewani na kuwa maji. Piga hesabu: kilo moja ya kuni kavu kabisa inatoa karibu nusu lita ya maji, yakiwa katika hali ya mvuke. Kama kuni zenyewe ni mbichi, ongeza na maji yaliyokuwa ndani yake. Yaani chungu kimoja cha maharage kikiiva, lita kadhaa zimepita kwenye bomba bila mtu kuziona.

Mvuke huo haupandi peke yake. Kuni zinapopata joto bila hewa ya kutosha zinatoa asidi asetiki, ileile inayoipa siki ukali wake, pamoja na asidi fomiki na mafuta mazito yanayofanana na lami. Asubuhi, jiko linapowashwa, kofia iliyoko juu bado ina ubaridi wa usiku. Mvuke ukiigusa unageuka matone, kama kwenye mfuniko wa sufuria. Sasa kofia imepakwa siki upande wa chini, na itapakwa tena jioni, siku 365 kwa mwaka. Moto wa polepole, ule wa makande na maharage, ndio mbaya zaidi, kwa sababu moshi wake ni mzito na unafika juu ukiwa umeshapoa.

Mvua ya Katoro ukilinganisha na hiyo ni mpole sana.

Bati la kawaida linavyoshindwa

Bati la kuezekea ni karatasi ya chuma iliyopakwa zinki. Zinki inalinda kwa kujitoa mhanga: inaliwa yenyewe kwanza ili chuma kibaki. Hewani inajitengenezea ngozi nyembamba ya zinki kaboneti, na ngozi hiyo ndiyo inayofanya bati la paa lidumu miaka mingi. Shida ni kwamba ngozi hiyo haivumilii asidi. Ukitaka kuona, dondoshea siki kwenye kipande cha bati jipya na ukiache mpaka kesho. Mng'ao utakuwa umefifia pale siki ilipokaa.

Kuna suala la geji pia. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Kofia nyingi zinakatwa kwenye vipande vilivyobaki baada ya kuezeka, na siku hizi mabati mengi ya nyumba zetu ni membamba. Zinki ikiisha, chuma kilichobaki hakina muda mrefu.

Joto nalo lina neno lake. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419, lakini wataalamu wa kupaka zinki wanashauri bati lisikae muda mrefu kwenye joto linalozidi nyuzi 200 hivi. Jiko la kupikia lenye bomba refu kwa kawaida halifiki huko pale juu. Tanuri la mkate linaweza.

Jambo moja nalisema kwa mkazo: usimruhusu fundi achomelee bati lenye zinki bila kuikwangua kwanza. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, na moto wa kuchomelea unazidi hapo kwa mbali. Moshi mweupe unaotoka unaleta homa, baridi na maumivu ya viungo usiku wake, na mafundi wengi wanadhani ni malaria. Kofia ya bati ikunjwe na ipigwe riveti.

Vyuma vingine

Bati la aluzinki, ambalo wauzaji wengi wanaliuza kwa majina ya kampuni zao, lina mchanganyiko wa alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6. Linavumilia joto kuliko zinki tupu, mpaka kama nyuzi 315, na asidi linaivumilia kidogo zaidi. Kama bajeti ni ndogo, mimi ningechukua hili kabla ya bati la kawaida. Lakini lisiwe lile la rangi. Rangi ya bati imetengenezwa kwa ajili ya jua, moshi wa moto unaibabua upande wa chini, na ikishaanza kubanduka maji yanajificha chini yake.

Chuma cheusi, kile cha mageti, kina faida ya unene. Kofia ya milimita 2 inaweza kuliwa miaka mingi kabla ya kutoboka. Ukikitumia, achana na rangi ya mafuta ya kawaida. Kuna rangi ya silikoni inayotumika kwenye eksozi za magari na pikipiki, inayovumilia mpaka nyuzi 600. Ipake ndani na nje, baada ya kusugua kutu na lile gamba la bluu la kiwandani mpaka chuma kionekane. Ukipaka juu ya gamba, umepaka gamba: likidondoka linaondoka na rangi yako. Rangi yenyewe isiwe na risasi, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Sufuria kuukuu ya alumini iliyofunikwa juu ya bomba nimeiona sehemu nyingi kati ya Kahama na Geita, na sitaicheka. Alumini haishiki kutu nyekundu na inavumilia siki kuliko zinki. Tatizo ni kwamba watu wanaifunga chini mno (nitaeleza), na lami iliyojikusanya ndani ya bomba ikishika moto, joto linaweza kufika nyuzi 1,000. Alumini inayeyuka kwenye 660.

Shaba inapendwa sana Ulaya na Marekani kwa sababu inapendeza ikizeeka. Kwetu sikushauri hata kama unayo. Maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba yanabeba chembe zake, na chembe hizo zikitua kwenye paa la zinki zinaanza kuila zinki iliyo chini yake. Utapata kofia ya kudumu na michirizi ya kutu kwenye paa.

Inabaki stenlesi. Chuma hiki kina kromiamu, angalau asilimia 10.5, inayotengeneza ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho na inayojirudishia yenyewe ikikwaruzwa. Aina inayoitwa 304 ina kromiamu kama 18 na nikeli 8. Ipo 316, ghali zaidi, iliyotengenezwa kwa ajili ya chumvi. Nyumba ikiwa Tanga au Mtwara, pembeni ya bahari, ningeifikiria. Shinyanga na Geita hatuna chumvi ya bahari, 304 inatosha.

Wauzaji wanapenda kuonyesha kwa sumaku: ikinasa ni feki, isiponasa ni halisi. Kipimo hiki kinadanganya pande zote mbili. Aina ya 430 inanasa sumaku na ni stenlesi halali, ingawa inazidiwa na 304. Aina ya 201, ya bei ya chini, hainasi sumaku lakini inashika kutu mapema. Na 304 yenyewe ikikunjwa kwa nguvu inaweza kunasa kidogo kwenye mkunjo. Ni bora ununue mabaki kwa fundi anayetengeneza reli za ngazi na masinki, anayejua alinunua nini. Kofia inahitaji kipande kidogo tu, huna haja ya karatasi nzima.

Kuhusu umaliziaji, nilijifunza kwa kukosea. Fundi wetu alikata stenlesi kwa grenda yenye jiwe lililokuwa limetoka kukata nondo. Baada ya wiki mbili kingo zote zilikuwa na madoa ya kutu. Stenlesi yenyewe haikuwa na shida. Zilikuwa chembe za nondo zilizojichomeka juu yake. Tumia jiwe jipya. Na ule upinde wa rangi unaobaki pembeni ya mchomeleo usugue mpaka uishe, kwa sababu pale kromiamu imepungua na kutu itaanzia hapo. Uso laini ni bora kuliko uliochanwachanwa: masizi yanakosa pa kushikia.

Urefu wa miguu

Hewa ya nyuzi 150 ina uzito wa karibu asilimia 70 tu ya hewa ya nyuzi 20. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayovuta moshi juu, hakuna injini nyingine. Ukifunga kofia chini mno umeziba, moshi unarudi jikoni, na mpishi anaumwa macho na kifua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani. Kofia nzuri iliyofungwa vibaya inakurudisha humohumo.

Hesabu yake ni rahisi. Ili upenyo wa pembeni ulingane na mdomo wa bomba, kofia inapaswa kuinuka robo ya kipenyo. Lakini masizi yatapunguza nafasi hiyo, kwa hiyo weka nusu. Bomba la inchi 4, miguu ya inchi 2, na kofia yenye upana wa inchi 8 hivi. Kama nyumba ya jirani ni ya nyasi na unataka wavu wa kuzuia cheche, matundu yasiwe madogo mno, la sivyo masizi yataziba wavu na utarudi palepale. Na uusafishe.

Kilicho chini ya kofia

Nilimwambia shangazi yote haya, akanisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Mpangaji wake, kijana anayefanya kazi kwenye makarasha, alikuwa ameomba kuchomea dhahabu pale jikoni. "Kidogo tu, shangazi. Si kuna bomba? Moshi unatoka nje." Je, akifunga hiyo kofia ya stenlesi ndiyo itakuwa salama?

Wachimbaji wadogo wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha wanachoma donge ili zebaki iondoke. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, na makaa ya jiko yanazidi hapo kirahisi. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, na unaharibu mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto aliye tumboni. Kofia, iwe ya chuma gani, haichuji chochote. Mvuke unaipita, unapoa, na sehemu yake inatua karibu. Karibu ni wapi? Ni paa. Na paa la shangazi, kama mapaa mengi ya ukanda huu ambako kiangazi ni kirefu, lina mfereji unaopeleka maji kwenye tenki la kunywa. Kiwango cha juu cha zebaki kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.006 kwa lita. Pamoja na hayo, bomba na kuta za jiko zinabaki na zebaki, na kila ugali unaopikwa baadaye unaipasha moto upya.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Kuna kifaa kinachoitwa retoti, chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba linalopozwa kwa maji, kinachorudisha zebaki badala ya kuipeleka hewani. Hicho nacho mahali pake ni mbali na nyumba, hakiwekwi kwenye jiko la chakula.

Shangazi alimjibu kijana hapana, na nilikuwepo. Kijana hakufurahi. Alisema wenzake wote wanachomea majumbani, na hakuwa anadanganya.

Kofia ya 304 tuliifunga Jumamosi iliyofuata, miguu mitatu ya inchi 2, riveti zote za stenlesi. Mfereji wa upande wa bomba tuliutenganisha na tenki, maji yake sasa yanaenda kwenye migomba, na upande wa pili tuliweka kiungo cha kumwaga mvua ya kwanza kabla maji hayajaingia. Shangazi amelalamika kwamba tenki linachelewa kujaa. Jiko halidondoshi tena, na mwezi wa nne nitapanda tena kuangalia upande wa chini.