Lalamiko "limefungwa", je, pesa zimerudi?

Tuseme uko Mji wa Kale, dukani karibu na Ndia Kuu. Umelipa shilingi 3,500 kwa simu, pesa zimetoka kwako, lakini mwenye duka hajaona meseji. Unatupigia, unapewa nambari ya lalamiko. Baada ya hapo huwa kunaendelea nini?

Lalamiko hilo hugawanyika mara mbili. Kuna pesa zako: watu wa huduma kwa wateja hukagua muamala, na kama pesa hazikufika dukani, hurudishwa. Halafu kuna programu yenyewe, maana hitilafu iliyokupata leo itampata mwingine kesho. Sehemu hii huenda kwa wajaribu programu. Kazi yao ni kuirudia hitilafu mpaka waione kwa macho. Wakiiona, huikubali, mafundi huirekebisha, kisha hujaribiwa upya. Wasipoiona, huandikwa "haikuonekana", na mara nyingi mambo huishia hapo.

Sasa fikiria Mji wa Kale. Nyumba nyingi za zamani huko ni za mawe ya matumbawe, kuta nene, vichochoro vyembamba. Netiweki inaweza kuwa safi pale barazani, ukiingia ndani hatua tatu ikafa. Simu inazunguka tu, mteja anabonyeza tena, analipa mara mbili. Mjaribu aliyekaa ofisini penye intaneti ya kasi anaweza kurudia mara 20 asione kitu. Ndiyo maana tunakuuliza maswali yanayoonekana ya ajabu: ulikuwa ndani au nje? Saa ngapi? Ulibonyeza mara ngapi? Tupe hayo pamoja na nambari ya muamala. Nambari ya siri hatuiulizi kamwe. Anayeiuliza ni tapeli.

Upande wa takwimu, kuwa mwangalifu ukisikia kampuni yoyote ikijisifu kwa malalamiko "yaliyofungwa". Kufunga ni kubonyeza kitufe tu. Hata lalamiko lililokataliwa huhesabiwa kuwa limefungwa.

Wastani nao hudanganya. Chukua malalamiko 10: tisa yametatuliwa kwa saa moja kila moja, la kumi limechukua siku 20. Wastani wake unakuja karibu saa 49, yaani siku mbili na kitu, ilhali hakuna hata mteja mmoja aliyengoja siku mbili. Tisa walikuwa sawa. Wa kumi, labda ni muuza samaki aliyekwamiwa na mtaji wake wote, amepotelea ndani ya hesabu. Tungependa uulize mambo mawili: lililokaa muda mrefu zaidi lilikaa siku ngapi, na ni mangapi yalifunguliwa tena baada ya kufungwa? Hilo la pili ndilo linaloumbua, kwa sababu ni mteja anayesema, si kampuni.

Kwa hivyo ukipata meseji kwamba lalamiko lako limefungwa, angalia salio kwanza. Kama pesa hazijarudi, usianze lalamiko jipya. Litahesabiwa kama tatizo la kwanza kabisa. Taja nambari ile ile ya zamani, useme lifunguliwe upya. Na usichelewe kuripoti: kanuni za mfumo wa malipo za Kenya za mwaka 2014 zinampa mteja siku 15 tangu tukio kuwasilisha lalamiko, na kampuni siku 60 kulitatua.