Moyo Uliopandikizwa Unapopiga Polepole
Moyo uliopandikizwa hufika kwa mgonjwa ukiwa umekatwa neva zake. Neva ya vagasi, iliyokuwa breki yake, haiufikii tena; ndiyo maana mapigo 90 hadi 110 kwa dakika wakati wa kupumzika ni ya kawaida. Mapigo 60, ambayo kwa mtu mwingine yangemridhisha muuguzi, katika siku za kwanza baada ya upasuaji hutaka uchunguzi wa haraka. Atropini iliyozoeleka haitegemewi, kwani hufanya kazi kwa kuizuia vagasi. Hutumika isoprenalini au nyaya za muda za kifaa cha kuongoza mapigo, ambazo muuguzi huzikagua kila zamu. Mapigo yakivurugika ghafla miezi kadhaa baadaye, daktari aitwe mara moja: huenda mwili umeanza kuukataa moyo huo, na mgonjwa asihisi maumivu yoyote ya kifua.